Kutofautisha mkandaa, kikandaa na muia wakati hakuna maua wala matunda

Mpimaji wa Tanga

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu kinaanza kuhesabu mikoko kwenye vipande vya mita 10 kwa 10, kutoka ukingo wa bahari hadi kule nyuma kwenye uwanda wa chumvi. Mkoko mkubwa na mchu hakuna anayebabaika navyo. Tunakokwama ni hapa:

Kwanza, vichaka vya kimo cha kiunoni hadi begani, majani madogo yaliyopinda ndani kidogo kwenye ncha. Wengine wanaandika mkandaa, wengine kikandaa, na wote wana hakika.

Pili, miti michanga ambayo haijaanza kuzaa, majani makubwa yanayong'aa. Fomu hii inasema mkoko, fomu ile inasema muia, na kipande ni kilekile.

Tatu, nyuma kabisa karibu na mkondo wa maji baridi kuna mti wenye majani meupe kwa chini kama mchu, ila ni makubwa mno na hatuoni mizizi iliyochomoza kwenye tope.

Mizizi tumeitumia kadiri tulivyoweza, lakini maji yakiwa hayajapwa vizuri haionekani. Je, ipo njia ya kutambua kwa tawi na jani peke yake? Na miche iliyo chini ya goti tuifanyeje? Fomu ina safu yake.

Hori la Kwale

Anza na tawi, mizizi iwe ya mwisho. Spishi tisa zinazopatikana kwa kawaida Kenya na Tanzania zinagawanyika vizuri kwa swali moja: majani yanakaa mawili mawili yakikabiliana, au yanapishana, moja huku na jingine kule?

Yanayokabiliana ni matano: mkoko, muia, mkandaa, mchu na mlilana. Yanayopishana ni kikandaa, msikundazi, na mikomafi yote miwili (mkomafi wa kawaida na mkomafi dume). Swali lako la kwanza limekwisha hapo hapo. Mkandaa, Ceriops tagal, majani yake yanakabiliana. Kikandaa, Lumnitzera racemosa, yanapishana. Huna haja ya ua.

Watu wanakosea kwa sababu wanaangalia ncha ya tawi. Majani ya kikandaa husongamana kule mwishoni hata yakaonekana kama yametoka pamoja. Shuka kwenye tawi hadi pale majani yalipoachana kidogo, usome hapo. Na mkandaa ukipoteza jani moja katika jozi, utaonekana kama unapishana, kwa hiyo tafuta kovu upande wa pili. Soma matawi matatu kabla ya kuandika.

Ukishajua yanakabiliana, tazama chipukizi la ncha. Mkoko, muia na mkandaa ni wa ukoo mmoja, na chipukizi lao limefungwa ndani ya ala iliyochongoka. Ala hiyo ikianguka huacha alama ya pete kuzunguka tawi. Mchu na mlilana hawana ala hiyo kabisa.

Sasa swali lako la pili. Geuza jani lililokomaa, lile la kijani kibivu, usichukue changa. Mkoko, Rhizophora mucronata, una vidoadoa vidogo vya kahawia iliyokolea vilivyotapakaa chini ya jani lote, na ncha ya jani ina mwiba mfupi laini uliochomoza kama uendelezo wa mshipa wa kati. Muia, Bruguiera gymnorrhiza, hauna vidoa na ncha yake imechongoka tu, bila mwiba. Majani ya zote mbili hufika sentimita 15 na zaidi, kwa hiyo ukubwa hautakusaidia. Mwiba wa mkoko hukatika kwenye majani yaliyozeeka au kuliwa na wadudu, ndiyo maana vidoa ndivyo vya kutegemea. Kama macho hayaoni, inua jani juu likielekea kwenye mwanga au tumia lenzi ya mara 10.

Mkandaa katika kundi hilo ni mdogo: jani sentimita 5 hadi 10, gumu, pana zaidi karibu na ncha kuliko kwenye kikonyo, ncha ya mviringo au iliyobonyea, na mara nyingi limesimama likielekea juu. Ala yake ni fupi na bapa. Juani mti mzima huwa na rangi ya kijani kinachoelekea manjano, unaweza kuuona kwa mbali ukitofautiana na mkoko.

Mti wako wa tatu ni msikundazi, Heritiera littoralis, ningeweka fedha yangu hapo. Weupe wa chini una mng'ao wa fedha, unatokana na magamba madogo sana. Weupe wa mchu, Avicennia marina, ni wa vinyweleo na umefifia kijivu. Hakikisha kwa swali lile lile la kwanza: mchu unakabiliana, msikundazi unapishana. Msikundazi hupenda nyuma, panapofika maji baridi, na chini ya shina huwa na mbao za mizizi zilizosimama badala ya vijiti vya kupumulia. Delta ya Rufiji inayo mingi.

Mama Pwani

Nakubaliana na Hori, ila kwenye kikandaa ningeongeza kushika jani. La kikandaa ni nene, lina maji, ukilikunja linavunjika. La mkandaa ni kavu zaidi, linapinda kama ngozi. Mkizoea hamtahitaji hata kuinama.

Na hao wote wawili mtawakuta sehemu moja, nyuma, penye chumvi kali ambapo maji hufika siku za bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ndiyo sababu wanaandikwa kwa jina moja. Huko mkandaa hudumaa ukabaki kichaka, usidhani ni spishi nyingine kwa sababu ya ufupi.

Mkaguzi wa Miche

Niseme kuhusu miche, maana hapo ndipo takwimu nyingi huharibika. Mche wa mikoko mitatu ile ya ukoo mmoja bado umesimama juu ya mbegu yake ndefu. Sehemu ya chini ya shina, ile isiyo na majani, ndiyo mbegu yenyewe iliyojikita kwenye tope. Ipapase kwa vidole:

Ina vipele, ni nene na ndefu: mkoko. Mbegu ya mkoko ikiwa juu ya mti hufika sentimita 30 hadi zaidi ya 50.

Ni laini, nene, fupi, na mara nyingi ina rangi ya zambarau au kahawia: muia. Kwa kawaida haizidi sentimita 25.

Ni nyembamba na ina mistari iliyoinuka kwa urefu, ukiizungusha vidoleni unahisi kona zake: mkandaa.

Mche wa mchu hauna mbegu ndefu. Una vipande viwili vinene vya mbegu vilivyokunjana, vinakaa karibu na tope na hukauka baada ya majani halisi kutoka. Majani hayo tayari yana weupe chini. Mche wa mkomafi unatoka kwenye kipande kikubwa cha mbegu chenye kona, kilichobaki ardhini, na shina lake mwanzoni lina magamba madogo tu badala ya majani. Mlilana, Sonneratia alba, mche wake mdogo ni wa kuonea shida. Mbegu yenyewe ni ndogo na mche unaanza na vijani viwili vyembamba. Hamtaupata kwa kutembea, pigeni magoti.

Mgawanyo wa kimo unaotumika sana Kenya ni chini ya sentimita 40, kati ya 40 na 150, na zaidi ya hapo hadi mita 3. Miche midogo ihesabiwe kwenye kipande kidogo ndani ya kile kikubwa, mita 5 kwa 5. Ukijaribu kuhesabu yote ndani ya mita 10 kwa 10 chini ya mikoko iliyokomaa, mtachoka na mtaanza kukisia.

Tena: mbegu iliyolala juu ya tope haihesabiwi. Ivute kidogo, kama haina mzizi basi bado ni msafiri.

Mpimaji wa Tanga

Hii ni dhahabu. Leo tumejaribu kwenye kipande kimoja, na vile "vikandaa" vyetu vyote vimekuwa mkandaa isipokuwa vitatu. Vidoa chini ya jani la mkoko vimeonekana vizuri.

Sasa jambo jingine. Chini ya miti tumekuta vikombe vya maua vyekundu vyenye vidole vingi, vimetapakaa. Hatujaona ua juu. Je, tuandike muia upo hata kama hatujauona mti ndani ya kipande? Na wale wanaokwenda asubuhi wamekuta nyuzi nyeupe nyingi zimeelea majini.

Hori la Kwale

Usiandike. Vikombe hivyo vinaelea, na maji ya bamvua yanaviburuta mbali. Vivyo hivyo kwa mbegu zote za mikoko: kuelea ndiyo kazi yake. Vipande vya komafi vinaokotwa fukweni mahali ambapo hakuna mkomafi hata mmoja. Kilicho chini kinakupa habari ya nini cha kutafuta juu, basi. Kinachoandikwa kwenye fomu ni mti.

Lakini vikombe vyekundu kweli ni vya muia. Hesabu vidole vyake, vitakuwa kati ya 10 na 14. Hakuna spishi nyingine ya mikoko ya kwetu yenye vingi hivyo. Mkoko una vinne, vinene na rangi ya manjano iliyopauka. Mkandaa una vitano, vidogo. Mlilana una sita hadi vinane na kwa ndani huwa na wekundu, kwa hiyo mwenye haraka anaweza kuuchanganya na muia. Tofauti ni kwamba kikombe cha mlilana ni kipana, vidole vyake ni vipana na vya pembetatu, na hubaki kwenye tunda la mviringo, kikikaa chini yake. Vya muia ni vyembamba na vimechongoka. Mbegu ya muia ikianguka ikiwa imekomaa huenda na kikombe chake kichwani. Ya mkoko na ya mkandaa huchomoka na kuacha sehemu ya tunda mtini.

Nyuzi nyeupe za asubuhi ni za mlilana. Ua lake hufunguka jioni, popo ni miongoni mwa wanaolitembelea, na kufika asubuhi nyuzi zinamwagika. Ukitaka kuliona likiwa zima, nenda wakati wa magharibi, jua likizama. Ukienda saa nne utakuta kikombe na mkia wa ua tu, halafu uandike "halina maua", jambo ambalo si kweli.

Mama Pwani

Mengine kuhusu maua, kwa kuwa mtakutana nayo msimu ukifika.

La mkoko hutoka kwenye kwapa la jani, machache kwa pamoja yakining'inia, petali nne nyeupe zenye manyoya kwenye kingo. La muia hukaa peke yake na huelekea chini. Petali zake zimekunjana kwa mkazo na kila moja imeshika stameni mbili ndani. Ukiligusa kwa ncha ya kijiti likiwa limekomaa, petali hufyatuka na kurusha chavua, ndivyo ndege aina ya chozi wanavyopakwa wanapofuata nekta. Ni kipimo kizuri cha kuonyesha wanafunzi, ila kila ua hufyatuka mara moja, msiyamalize.

La mkandaa ni dogo, jeupe kisha linageuka kahawia, yapo kwenye vishada vifupi. Kwa lenzi utaona kila petali ina vijivimbe vitatu kwenye ncha. La kikandaa nalo ni jeupe na petali tano, ila limefunguka wazi na halina hivyo vijivimbe. La mchu ni la manjano inayoelekea rangi ya chungwa, petali nne, milimita chache tu, yamesongamana kwenye ncha ya tawi. Nyuki wanalipenda mno: mkisikia mvumo, inueni macho.

La msikundazi halina petali, ni vikombe vidogo sana vyenye wekundu. Msilihangaikie, tazameni tunda. Ni gumu kama mti, lina ukingo mmoja uliochomoza kama mkuku wa mashua.

Pwani ya Lamu

Naingilia kati kwenye majina. Msiache fomu ikiwa na jina la Kiswahili peke yake. Muia huohuo mtasikia ukiitwa msinzi. Kikandaa kuna wanaokiita mkandaa dume, na hapo ndipo mwanzo wa ugomvi wenu. Mkoko wengine wanauita mkaka. Mlilana ni mpia kwa wengine. Msikundazi huitwa mkungu, na mkungu kwa watu wengi ni ule mti wa kivuli wa fukweni, Terminalia catappa, ambao si mkoko. Mtu akiandika mkungu ofisini hawatajua amekusudia upi.

Tumieni herufi mbili za kwanza za kila neno la jina la kisayansi: RHMU, BRGY, CETA, AVMA, SOAL, XYGR, XYMO, HELI, LURA. Ziandikwe kwenye kadi, kadi iwekwe ndani ya plastiki, kila mpimaji awe nayo. Mwandishi arudie kwa sauti alichosikia kabla ya kuandika. "Mkandaa" na "kikandaa" vikipigiwa kelele kutoka mita kumi ndani ya upepo vinasikika sawa.

Kwenye mikomafi: wa kawaida, Xylocarpus granatum, vijani vyake (vipande vinavyounda jani moja) vina ncha butu, gome laini linalobanduka na kuacha mabaka ya rangi tofauti, mizizi bapa inayojipinda juu ya tope, na tunda kubwa linaloweza kuzidi sentimita 20. Mkomafi dume, Xylocarpus moluccensis, vijani vimechongoka, gome limepasukapasuka, tunda ni dogo zaidi ya hapo. Majani ya yote mawili yana vijani vilivyo viwili viwili bila kijani cha mwisho. Chunga usihesabu kijani kimoja kuwa jani zima, utajidanganya kwamba yanakabiliana. Jani huanzia pale penye tumba kwapani. Kijani hakina tumba.

Mkaguzi wa Miche

Hapo kwenye kijani na jani Lamu amegusa penyewe. Wapimaji wapya huukosa mkomafi kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote.

Naongeza mitego ya mizizi, kwa siku mtakapoiona. Mizizi ya mikongojo inayotoka shinani na hata matawini ni ya mkoko mkubwa, sawa. Lakini mkandaa nao una mikongojo mifupi chini ya shina, na muia mchanga pia. Kwa hiyo mikongojo mifupi haithibitishi kitu. Magoti yaliyojikunja juu ya tope ni ya muia, ingawa mkandaa una madogo. Vijiti vyembamba vilivyosimama ni vya mchu, vinene vya umbo la pia ni vya mlilana. Mchu hukua ukingoni mwa bahari na pia nyuma kabisa penye chumvi, mara nyingi ukiwa mkubwa kule mbele na kibete kule nyuma. Msiseme "huku nyuma hakuwezi kuwa na mchu". Mlilana ndio wa mbele.

Kulamba jani kupata chumvi ya mchu ni njia nzuri siku kavu. Mvua ikinyesha usiku, chumvi imeoshwa, na jani lililorushiwa maji ya bahari litakuwa na chumvi hata kama ni la mlilana.

Na kwa kuwa mnapima unene pia: kipimo ni mita 1.3 kutoka ardhini, isipokuwa mkoko ambao mikongojo imepita hapo. Huo pimeni sentimita 30 juu ya mkongojo wa juu kabisa.

Mpimaji wa Tanga

Swali la mwisho. Tunataka kupiga picha kwa ajili ya ile miti tutakayoshindwa. Programu za simu zinasaidia?

Hori la Kwale

Zinasaidia kupata jenasi. Kwenye spishi zinaweza kukupa za Asia au Amerika, mfano Rhizophora stylosa, apiculata au mangle. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania mkoko wa asili ni mucronata, hivyo ukipewa jina jingine usilichukue.

Picha moja ya mti mzima haina faida. Piga tano kwa kila mti: ncha ya tawi ikionyesha ala au kutokuwepo kwake, sehemu ya tawi ambapo unaona majani yanakabiliana au yanapishana, jani kwa juu na jani kwa chini pembeni ya rula, shina la chini pamoja na mizizi, na ua au tunda likiwepo, likiwa bado mtini. Namba ya kipande iwe ndani ya picha ya kwanza. Sehemu ya chini ya jani ipigwe kivulini, maana kwenye jua kali vidoa vya mkoko vinapotea. Mkiziweka iNaturalist, ule mtandao wa kurekodi viumbe kwa picha, ambatanisheni zote tano kwenye rekodi moja.

Msikate matawi wala kuchuna gome. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na hata sampuli ya kupeleka chuoni inahitaji ruhusa, kwenu Tanzania ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwetu Kenya ya KFS (Huduma ya Misitu). Jani moja lililokomaa na picha zinatosha kwa spishi zote tisa.

Nendeni siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Bamvua maji yanapwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, basi muwe mmeshafika ukingo wa mbele saa tatu na mfanye kazi mkirudi nyuma. Mkianzia nyuma, mtafika kwa mlilana maji yakiwa yameshageuka.

Mama Pwani

Na kabla ya siku hiyo, walio karibu na Unguja wapite njia ya mbao ya Pete, Jozani, na walio Kenya wapite Mida Creek. Mnasoma matawi mkiwa juu ya mbao, miguu mikavu. Chukueni zile kadi za Lamu, kila mtu aandike peke yake miti ileile, halafu mlinganishe. Mtakapotofautiana rudini kwenye tawi hilo hilo, msipige kura.